Kobe Niliyemkuza kwa Maziwa

Jambo hili ninalisimulia nikiwa nimeinamisha macho, maana ingawa nywele zangu zimeanza kuwa nyeupe na nimefundisha watoto ambao sasa wana watoto wao, bado wako watu pale Sironga ambao nikipita sokoni hunisalimu vizuri kabisa, "Mwalimu, habari ya nyumbani," halafu nikishawapa mgongo nasikia mmoja akimuuliza mwenzake kwa mnong'ono uliokusudiwa nisikie, "Si ndiye yule wa kobe?" Ndiye. Na kwa kuwa ninyi ni rafiki zangu na mmeuliza wenyewe, nitawaeleza hatua kwa hatua, kama nilivyozoea kuwaeleza wadogo wa darasa la tatu, ili atakayetaka kunicheka anicheke akiwa na habari kamili.

Mwanzoni mwa miaka ya sabini nilikuwa nikifundisha shule moja ya msingi upande huo wa Sironga. Nilikuwa na watoto wawili, Bosire na mdogo wake, na mume wangu Ondieki alikuwa na chai yake na ndizi zake na ng'ombe watatu, ambao kwa kweli walikuwa wa mama yake. Mama huyo tulimwita Magokoro, yaani nyanya, nyumba nzima, kwa kufuata watoto. Nyumba yake ilitazamana na yangu, na hakuna chungu nilichokiinjika ambacho hakujua kilichomo kabla hakijachemka. (Simsemi vibaya, Mungu anajua. Mtasikia mwishoni nani wa kusemwa.)

Shuleni nilikuwa na rafiki mmoja wa kweli, Mwalimu Atieno, mtu wa kando ya ziwa, aliyeletwa kwetu na kazi na kupanga chumba nyuma ya duka. Walimu wengine walikuwa wakizungumza Kigusii chao mbele yake kana kwamba hayupo, lakini mimi na yeye tulizungumza Kiswahili, yeye chake na mimi changu, na tulipokwama tulimalizia kwa mikono. Alinifundisha kukaanga samaki bila kumvunja. Nilimfundisha kupika chinsaga, ile mboga yetu chungu, mpaka uchungu ukalainika. Nilipojifungua mtoto wa pili ni yeye aliyenifundishia darasa langu na lake kwa majuma sita na hakusema hata siku moja kwamba amechoka.

Atieno alifuga kobe. Alikuwa mdogo, ukubwa wa kiganja cha mtoto, gamba lake laini kwa macho kama jiwe la mtoni, lenye madoa ya manjano na meusi. Alimwita Diwani, kwa sababu alitoa kichwa taratibu, akatazama kulia, akatazama kushoto, akakirudisha ndani bila kuamua chochote. Watu walimcheka Atieno kwa kufuga kitu kisichotaga wala kukamuliwa, na yeye alicheka nao, lakini mimi aliniambia sababu. Kobe yule aliokotwa shambani na mdogo wake wa kiume, akiwa bado mdogo kuliko kiberiti, akamletea dada yake mfukoni mwa shati, na mwezi uliofuata yule mdogo wake akafa maji. Hakuacha picha. Aliacha kobe. "Na hawa wanaishi sana," Atieno aliniambia, "akitunzwa vizuri atanizika mimi na wewe, Kemunto, na bado atakuwa anakula nyasi."

Basi Januari moja Atieno akaitwa chuoni kwa masomo ya mwaka mzima, na huko hawakuruhusu mnyama bwenini. Akaniletea Diwani katika kikapu, pamoja na karatasi aliyoiandika kwa mwandiko wake mzuri wa ubaoni. Karatasi ilikuwa fupi. Nyasi, majani ya maboga, magugu ya shambani, maua kidogo. Maji ya kunywa. Jua kila asubuhi, nje, si dirishani. Asipewe ugali, asipewe maziwa, asipewe nyama wala samaki. Na chini kabisa aliandika: "Atakua polepole. Usiogope, ndivyo wanavyokua."

Nikaiweka karatasi ndani ya Biblia ili isipotee, na sasa lazima niwaeleze jambo moja la kwetu, maana bila hilo mtadhani nilikuwa mjinga tu, na ujinga ulikuwepo, lakini haukuwa peke yake. Kwetu tangu zamani mtu mwenye ng'ombe wengi humpeleka mmoja kwa rafiki amtunzie. Yule rafiki anakamua, watoto wake wanakunywa, lakini ng'ombe si wake. Siku mwenyewe akija kutembea, hata kabla hajaketi, anazunguka zizini kutazama mbavu. Zikionekana mbavu, umeaibika wewe na mkeo na mzee wako, na habari itavuka mto kabla yeye hajavuka. Zisipoonekana, utasifiwa hata mazishini kwako. Nimelelewa hivyo. Magokoro alilelewa hivyo mara kumi. Alipokiona kikapu aliuliza swali moja tu: "Ni chako au cha watu?" Nikasema ni cha watu. Akasema, "Basi kisikonde hapa."

Miezi ya kwanza nilifuata karatasi neno kwa neno. Diwani alikula majani yake, akaota jua lake ukutani, akatembea uani akiwapita kuku kwa dharau. Na kwa kuwa mimi ni mwalimu na siwezi kuona kitu bila kukifanya somo, nikabandika karatasi ndefu ukutani darasani, na kila Ijumaa nikampeleka shuleni, watoto wakapima gamba lake kwa uzi, kisha uzi kwa rula, nikatia nukta, nikaunganisha nukta kwa penseli nyekundu. Mstari ulilala. Juma baada ya juma ulilala kama mgonjwa. Watoto wakaanza kuchoka. Mmoja akaniambia kwa upole, "Mwalimu, labda amekufa ndani."

Ikaja Julai, na ninyi mnaijua Julai ya kwetu Nyamira, ukungu mpaka saa nne, mvua baridi mchana, na jua unalikumbuka kama mtu aliyehama. Diwani akaacha kula. Siku ya kwanza nikasema ni baridi. Siku ya pili Magokoro akamwinua, akampima mkononi kama mtu anayepima kuku wa kununua, akasema, "Mokamwana" (hivyo ndivyo mama mkwe anavyomwita mke wa mwanawe), "mwenyewe akija leo utamwambia nini?" Nikamchukua Diwani, nikamweka jikoni karibu na mafiga apate joto, nikamega tonge dogo la ugali wa wimbi, nikalichovya kwenye maziwa, nikamsogezea. Tonge moja, dogo kama ncha ya kidole gumba. Nilijua karatasi inasemaje. Nilijiambia ni dawa, si chakula.

Akala. Akala kwa pupa, maziwa yakimtiririka shingoni, nami nikafurahi kama mtu aliyefufua maiti.

Kesho yake alikataa majani akangoja tonge, nikampa. Keshokutwa Magokoro akaleta mwenyewe kibuyu cha maziwa ya mgando. Juma lililofuata nilikuwa nimetoka soko la Keroka na omena kidogo, nikazisaga nikamchanganyia, maana kama tonge linasaidia, samaki si atasaidia zaidi? (Hivyo ndivyo makosa yanavyozaana, hakuna linalokuja na sura ya kosa, kila moja linakuja likimsaidia mwenzake.) Na kwa kuwa jikoni kulikuwa na joto na nje kulikuwa na ukungu, akahamia jikoni kabisa, akawa anashinda na kulala pale kando ya mafiga, kwenye moshi, na kuliona jua ikawa ni Ijumaa tu njiani kwenda shule, ndani ya kikapu chenye kifuniko.

Ondieki alirudi jioni akatazama bakuli la kobe, akatazama sahani yake. "Mama Bosire," akasema, "huyu mgeni amekula kabla yangu tena?"

"Huyu ni wa watu," nikamjibu. "Wewe ni wangu."

"Basi nami nitafute mtu anifuge."

Na mstari, jamani, mstari ukaamka. Ijumaa ya kwanza ukainua kichwa, ya pili ukapanda, kufikia Septemba ulikuwa unapanda kama njia ya kupanda kilima cha Manga, ikabidi nigundishe karatasi nyingine juu ya ile ya kwanza. Watoto wakapiga makofi kila nukta. Mwalimu mkuu akaja kutazama, akasimama mikono nyuma, akasema hajaona somo la namna hiyo tangu aanze kazi. Nikaandika juu ya karatasi kwa herufi kubwa: KUKUA NI AFYA. Nikawafundisha watoto hivyo, wakaandika madaftarini mwao, na nikasahihisha kwa alama ya vema, mmoja mmoja, watoto arobaini na wawili.

Kisha nikaona uzi hautoshi, nataka na uzito. Siku ya kuuza chai nikaenda na Ondieki kwenye kituo, watu wamejipanga na vikapu vyao vya majani, nikamwomba karani anipimie kobe. Karani akanitazama, akamtazama Diwani ndani ya kapu, akalitundika kwenye ndoano ya mizani, na mzee mmoja nyuma yangu akasema, "Mwalimu, hapa wanachukua majani mawili na chipukizi tu. Huyo ni bua." Watu wakacheka mpaka mizani ikatikisika, na mimi nikacheka nao, nikajiona mtu wa maendeleo. Karani akasoma uzito kwa sauti kubwa, wakashangaa. Wakamshika, wakamgeuza. Wote wakasema, "Ameshiba." Hakuna hata mmoja aliyesema kingine, na kwa muda mrefu nimewachukia kwa hilo, ingawa wangejuaje wao, walikuwa wakulima wa chai.

Atieno alikuwa akiandika. Barua ya kwanza aliuliza, "Diwani hajambo?" Nikamjibu kwa majivuno kwamba tangu Julai amekua karibu mara mbili. Akajibu upesi kuliko kawaida: "Mara mbili? Pima tena. Unamtoa juani?" Nikaisoma nikiwa nimesimama jikoni, na Diwani kando ya mafiga mdomo wake mweupe kwa maziwa. Nikajiambia huyu ana wivu kidogo, mnyama amestawi kwangu kuliko kwake. Nikaandika, "Kila asubuhi, dada." Ulikuwa uongo wa maneno matatu, na kalamu haikusita.

Dalili zilikuwepo, sasa ninaziona zote. Gamba lililokuwa kama jiwe la mtoni lilianza kuinuka vipande vipande, kila kipande kama kichuguu chake. Miguu ya nyuma aliikokota. Nikasema mtu mnene hatembei haraka. Uani aliwekwa akakaa pale alipowekwa, na kuku walimpita wao sasa. Nikasema ametulia, amekuwa mtu mzima.

Novemba ikaja siku ya wazazi. Mwalimu mkuu alitaka kila darasa lionyeshe kazi yake, na alikuwa amemwalika bwana mifugo kutoka mjini Kisii, mtu asiye wa kabila letu, mpole, mwenye kofia aliyoishika mkononi muda wote. Mimi nilikuwa nimepata barua kwamba Atieno anamaliza masomo na atapitia siku hiyohiyo kumchukua Diwani wake, na kwamba ameomba arudishwe shule yetu. Nikapanga kumfurahisha mbele ya watu. Wengine wangempa mtu kobe wake jikoni, na mambo yangeishia jikoni. Mimi nikaweka meza katikati ya uwanja, kitambaa cheupe juu yake, Diwani juu ya kitambaa, utepe mwekundu kuzunguka gamba, na nyuma yake karatasi zangu mbili na mstari wake. Nikatunga hata wimbo, watoto wakaimba kwa kushika matumbo: Diwani alikuwa mdogo, Diwani sasa ni mkubwa. Magokoro alikuwa mstari wa mbele na kitambaa chake cha kanisani kichwani, amekaa wima kama mwenye ng'ombe.

Atieno akafika wimbo ukiwa katikati, vumbi la njia miguuni, kikapu kitupu mkononi. Nikamwona, nikampungia. Mwalimu mkuu akamwita mbele, akatangaza kwamba mwenye kobe huyu ndiye huyu, aliyemwacha mdogo, na sasa aje apokee mali yake imeongezeka, kama katika mfano wa talanta. Watu wakapiga makofi. Atieno akaja akitabasamu hadi akafika mezani, na hapo tabasamu likabaki usoni kama kitu alichosahau kukiondoa.

Akaufungua utepe. Akamwinua Diwani kwa mikono miwili, na miguu yake ikaning'inia.

"Kemunto," akasema taratibu, "alikuwa anakula nini?"

Na mimi, mbele ya wazazi wote na mwalimu mkuu na darasa langu lote, nikasema, "Kile ulichoandika."

"Na jua?"

"Kila asubuhi."

Bwana mifugo akasogea, akaomba amwone. Akamweka mezani, akabonyeza gamba kwa kidole gumba, polepole, na sisi tuliokuwa karibu tukaona gamba likibonyea, likabaki na shimo dogo kisha likarudi, kama mkate. Akatazama mstari wangu nyuma ya meza, akaufuata kwa kidole kutoka chini hadi juu kama mtu anayesoma barua ya msiba.

"Mwalimu," akasema, "mstari huu ndio ugonjwa wake."

Alieleza vizuri, kwa upole, na mimi nitawaeleza kama alivyoeleza, kwa sababu ni kweli na inafaa mtu ajue. Kobe mwenye afya hukua kidogo kidogo. Ukimpima kila juma hutaona kitu, na kutoona kitu ndiyo dalili njema. Gamba lake ni mfupa, na mfupa unataka jua na majani na muda. Ukimjaza chakula cha kunenepesha, mwili unakimbia, mfupa unabaki nyuma, gamba linapanda vichuguu na kuwa laini, miguu inashindwa kubeba. "Mmeona mtoto mwenye matege," akawaambia wazazi, "anayefungiwa ndani bila jua? Ni kitu hichohicho. Huyu hakukua. Huyu amevimba." Watoto wangu arobaini na wawili walisikia. Mmoja akafungua daftari lake akatazama pale tulipoandika.

Kisha akamgeukia Atieno, na hapa ndipo ninapotaka mnisikilize, maana hili la kobe watu wanalicheka, lakini hili lingine halichekwi. Akasema, bila ubaya, "Dada, kama maagizo yalikuwa yako, ulikosea sana. Ungemuua mnyama wako mwenyewe."

Watu wote wakamtazama Atieno. Nikasikia mwanamke mmoja nyuma akisema kwa Kigusii, "Kumbe ni mwenyewe," na mwingine, "Watu wa ziwani wanajua samaki tu." Atieno hakujitetea. Alinitazama mimi. Hakunikasirikia, alinitazama kama unavyomtazama mtu aliyeshika mlango, unangoja tu afungue. Nilikuwa na muda. Nimehesabu muda huo miaka mingi, ulitosha kusema neno moja mara kumi. Nikatazama kitambaa cha meza.

Ndipo Magokoro akasimama.

Hakujua Kiswahili kingi. Jirani yake alikuwa akimtafsiria, na alichokishika yeye ni kwamba bwana wa mjini anasema mnyama wa watu alilishwa vibaya nyumbani kwake. Akasimama polepole, akaweka mkono kiunoni, akaanza kwa Kigusii kwa sauti ya mtu aliyetukanwa. Bwana mifugo akamtazama mwalimu mkuu amsaidie, na mwalimu mkuu, ambaye alikuwa mtu wa utaratibu, akatafsiri neno kwa neno, kwa hiyo nikaadhibiwa kila sentensi mara mbili, kwanza kwa lugha ya nyumbani na kisha kwa lugha ya shule.

"Anasema," akasema mwalimu mkuu, "kwake hakuna mnyama wa watu aliyewahi kulala njaa."

Magokoro akaendelea.

"Anasema alikunywa maziwa asubuhi na jioni, ya ng'ombe wake mwenyewe, mwekundu." Mwalimu mkuu akakohoa. "Anasema na ugali wa wimbi. Na omena, walizonunua Keroka, wakati mwingine watoto wa nyumba hawakupata."

Magokoro akanyoosha kidole angani.

"Anasema hakunyeshewa hata siku moja. Tangu Julai hajatoka jikoni. Mkewe... mke wa mwanawe alimlaza kando ya moto kama mtoto mchanga." Akamuuliza kitu, Magokoro akajibu kwa nguvu. "Anasema ile karatasi ya mwenyewe ilikuwa ya njaa, majani matupu, kama ya mbuzi. Anasema mke wa mwanawe alikuwa na huruma, akaiacha ndani ya Biblia."

Akaketi. Akanigeukia akaniinamishia kichwa kidogo, kama kusema, nimekusafisha, mwanangu.

Kisha kicheko kikaanza nyuma, kidogo kidogo, kikaja mbele kama mvua inavyokuja juu ya majani ya ndizi, na watoto wangu nao, mbele yangu, wakajaribu kujizuia wakashindwa. Ondieki alikuwa pale kando ya mti. Hakucheka. Alivaa kofia yake akaondoka, na hilo liliniuma kuliko vicheko vyote. Mwalimu mkuu akasema darasa la nne liendelee na shairi.

Atieno alimfunga Diwani katika leso yake, si katika kikapu, akampakata akaenda zake. Nikamfuata hadi penye lango, nikamwita mara tatu. Alisimama.

"Atieno, nisamehe. Nilimwonea huruma. Hakutaka kula."

"Najua," akasema. "Ungeniandikia kwamba hataki kula, ningekuja."

"Sikutaka uone amekonda."

"Kemunto, kama angekufa mikononi mwako ningelia, halafu ningenyamaza. Mdogo wangu alikufa, na hakuna mtu niliyemgombeza." Akamrekebisha Diwani ndani ya leso, mguu mmoja ulikuwa umetokeza, akaurudisha kwa kidole kimoja. "Lakini pale mezani ulinisikia nikitukanwa kwa ajili yako, na ulingoja uone kama nitakubali."

Kwa mara ya kwanza sikujaribu kutunga jibu. Akaenda.

Nilimwandikia barua tatu. Nilimtuma Ondieki na kuku na mkungu wa ndizi hadi kwa ndugu yake Atieno aliyefanya kazi Kisii, kuku akarudi, ndizi walipokea kwa sababu zilikuwa zimeanza kuiva. Shule ilipofunguliwa Januari hakuja, tukasikia amebadilisha ombi lake, amepelekwa upande mwingine. Zile karatasi mbili nilizikunja mwenyewe, sikuzirudisha ukutani darasani, na nikawaambia watoto wafungue madaftari, wakate yale maneno matatu, waandike mengine: kiumbe mwenye afya hukua kwa kiasi chake. Walikata. Wengine walikata kwa nguvu hadi karatasi ikachanika. Magokoro hakuelewa mpaka alipokufa kwa nini sikumshukuru, na mimi sikuwa na moyo wa kumweleza, kwa sababu kila alichokisema kilikuwa kweli.

Miaka sita au saba baadaye niliingia duka moja la nguo Keroka, na Atieno alikuwa pale akichagua kitambaa. Alikuwa amenenepa kidogo, alikuwa na pete. Alinisalimu kwa adabu zote. Aliuliza Bosire yuko darasa gani, akamuulizia mdogo wake Bosire kwa jina, akamuulizia Ondieki, akauliza bei ya chai. Kisha akauliza, "Na Magokoro?"

Nikamwambia ametutangulia.

"Pole," akasema. "Yule mama alikuwa mkweli." Akalipa, akakunja kitambaa chake, akaniaga kwa mkono.

Alipokuwa amekwisha kuvuka barabara ndipo nilipokumbuka kwamba sikuuliza kama Diwani yu hai. Nadhani sikusahau. Niliogopa majibu yote mawili.

Tangu hapo sifugi cha mtu. Anayeniletea hata mbegu za maboga nimwekee, namwambia apeleke kwa jirani, mimi mkono wangu una haraka. Na watoto ninaowafundisha ninawaambia, kwa upole, maana kumtisha mtoto hakusaidii, kwamba kosa likiwa lako liseme kabla mwingine hajatazamwa, hata kama sauti inatetemeka, liseme tu, ni neno moja, watoto, ni fupi sana. Wanaitikia, "Ndiyo, Mwalimu." Wanadhani ninafundisha. Mimi ninajifunza kulitamka, na mtu niliyepaswa kumwambia amekwisha kuvuka barabara.